Stendi inakwangua lami kwenye kona: pima shokapu zinazama kiasi gani kabla ya kuzikaza

Mkuu, umeandika kwamba pikipiki yako ya Boxer BM 150 inakwangua lami kwa stendi kubwa kila ukikata kona za kushoto barabara ya Mbeya kwenda Chunya ukiwa na abiria, na fundi amekushauri ukaze shokapu za nyuma mpaka ngazi ya mwisho, yaani hatua ya mwisho ya kukazia springi. Umeuliza pia kuhusu kubeba lumbesa ya viazi, lile gunia lililojazwa kupita kiasi. Ushauri wa fundi ni sahihi nusu. Ukikaza bila kupima unaweza kubaki na pikipiki ngumu, inayorukaruka kwenye viraka, na bado inakwangua, kwa sababu chanzo hakikuwa springi.

Anza kwa kulala chini uangalie. Chuma kilichogusa lami kinang'aa, hakuna haja ya kubahatisha. Kwa pikipiki za aina hii, kushoto kinachotangulia huwa ni lile guu la stendi kubwa unalolikanyaga, au stendi ya pembeni. Kulia ni pedeli ya breki, au bomba la moshi kama limewahi kugongwa. Ukifunga gadi pana ya kukinga injini, yenyewe inaweza kuvitangulia vyote. Kanyagio linalokunjika likigusa linakuonya tu, linakunjika na safari inaendelea. Cha kuogopa ni chuma kisichokunjika: kikigusa sawasawa kinageuka jeki, kinabeba uzito uliokuwa kwenye gurudumu la nyuma, na tairi lisilo na uzito halina mshiko.

Sasa iguse hiyo stendi kubwa kwa mkono ikiwa imekunjwa. Ikicheza juu na chini, springi yake imechoka na inaning'inia kila ukipita kwenye bonde. Angalia pia kama imepinda, maana wengi tunapenda kukaa juu ya pikipiki ikiwa kwenye stendi huku tukisubiri abiria. Springi mpya ya stendi ni bei ya soda chache, na mara nyingi ugonjwa wote unaishia hapo. Usiikate stendi, na ile ya pembeni usiifunge kwa kamba ya mpira: kamba ikikatika stendi inashuka ukiwa kwenye mwendo.

Kama stendi ni nzima, basi pikipiki inazama mno. Hapo unahitaji futi ya kupimia na watu wawili.

Pandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma kwenda juu moja kwa moja mpaka alama uliyoiweka kwenye fremu chini ya siti. Tuseme umepata milimita 520. Ishushe isimame kwa magurudumu yake bila mtu, ibonyeze mara mbili itulie, pima tena: tuseme 508. Kisha panda na mzigo au abiria unayembeba kila siku, mwenzako apime: tuseme 470. Vipimo viwili vya mwisho vichukue mara mbili, kwanza baada ya kuibonyeza, halafu baada ya kuinyanyua kidogo na kuiachia, utumie wastani. Mpira na bushi vina ukinzani wake na vinadanganya kwa milimita kadhaa.

Kwa mfano huo, pikipiki peke yake imezama milimita 12, na ikibeba imezama 50. Gurudumu la nyuma la pikipiki hizi lina nafasi ya kupanda na kushuka kama sentimita 10 tu, hivyo nusu imeshaliwa kabla hujafika kona ya kwanza. Lenga theluthi, yaani milimita 30 hadi 35 ukiwa umebeba. Na kona yenyewe inaongeza uzito: ukilala digrii 30 shokapu zinabeba mara 1.15 ya uzito wa kawaida, ukilala digrii 40 inafika 1.3. Ndiyo maana stendi inayopita salama kwenye kona pana za Uyole inakuja kukwangua kwenye zile zilizojikunja za kupanda kuelekea Chunya.

Sasa kaza. Tumia spana ya ndoano, shokapu zote mbili ziwe ngazi ileile, na usonge ngazi moja kwa wakati halafu upime. Kukaza huku hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kunainua pikipiki tu, na hicho ndicho unachokitafuta. Kila sentimita moja ya kuinuka inakupa takribani digrii moja ya kulala zaidi kabla chuma hakijagusa. Ni kidogo, lakini ndiyo tofauti kati ya kukwangua na kupita.

Kiasi inachozama pikipiki bila mtu ndicho kinachokuambia pa kuacha. Kibaki kati ya milimita 5 na 15. Kama kimefika sifuri na ukibeba bado inazama zaidi ya 40, springi ni laini kwa kazi yako na hakuna ngazi itakayokuokoa. Tafuta shokapu zenye springi nzito. Ukilazimisha, gurudumu litakosa nafasi ya kushuka, na kila bonde katikati ya kona litaliacha tairi hewani.

Kabla ya kununua chochote, bonyeza siti kwa nguvu uachie. Ikipanda mara moja ikatulia, shokapu zina uhai. Ikinesa mara mbili tatu, oili ya ndani imekwisha, na kuikaza shokapu iliyokufa ni kuongeza kunesa. Kuna pia mtindo wa kuchomeka vipande vya tairi kati ya mizunguko ya springi. Pikipiki inainuka kweli, lakini umeiua sehemu ya springi inayofanya kazi, na ukikutana na tuta inagonga kama jiwe. Kuchomelea masikio ya shokapu ili ziwe ndefu nako usikubali, hata kama fundi ana jina. Welding hiyo ikiachia kwenye mteremko wa Kitonga hakuna cha kujadili.

Mbele watu wanapasahau. Ukiinua nyuma peke yake kwa sentimita 2, pembe ya usukani inasimama kwa karibu digrii moja. Utaiona nyepesi kuingia kona, lakini kwenye changarawe na kwenye miteremko usukani unaanza kutetemeka. Inua na mbele kidogo.

Shokapu za mbele za Boxer hazina pa kukazia kwa nje, hivyo unaongeza kipande juu ya springi. Weka jeki chini ya injini gurudumu la mbele lielee. Legeza kwanza bolti za kibano cha juu, kile kinachoshika shokapu za mbele chini ya usukani, ndipo ufungue kifuniko, ukikigandamiza kwa kiganja kwa sababu springi inakisukuma. Kata kipande cha bomba gumu chenye upana wa springi, milimita 10 kwa kuanzia, usivuke 20, na weka washa (pete bapa ya chuma) juu na chini yake. Pande zote mbili zilingane. Ukiwa umefungua, mwaga oili ya zamani na uweke mpya ya shokapu kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, sawa kila upande. Oili ya injini iliyotumika si mbadala. Kuzidisha oili nako kuna gharama: hewa iliyobaki juu inabanwa mno, sili zinapasuka, na oili inateremka kuelekea breki.

Shokapu ndefu za nyuma za dukani ni njia halali, ila zinakuja na madeni. Mkazo wa mnyororo unabadilika, hivyo upime upya mtu akiwa amekaa, na uangalie kama mnyororo hausugui mkono wa nyuma, kile chuma kinachoshika gurudumu la nyuma. Stendi ya pembeni inakuwa fupi, pikipiki inalala mno ukiiegesha. Stendi kubwa nayo haiinui tena gurudumu. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa bodaboda sentimita moja ya ziada inatosha.

Tairi liangalie pia. Kutoka 2.75 kwenda 3.00 nyuma kunainua kama milimita 6, na kufunga dogo kunakunyang'anya kiasi hichohicho. Upepo ukipungua, tairi linajibonyeza na kazi yote ya juu inapotea. Jaza asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pikipiki yenyewe.

Kuhusu lumbesa ya viazi kutoka Isyonje, hapo shokapu haina jibu. Gunia likikaa nyuma ya ekseli linazamisha nyuma na kuinyanyua mbele kwa pamoja, na unachokaza nyuma hakirudishi uzito kwenye tairi la mbele. Sogeza mzigo mbele mpaka uguse mgongo wako, au gawanya safari.

Halafu mwendo. Kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 30, kwa kilomita 40 kwa saa pikipiki inahitaji kulala kama digrii 23. Kwa 50 inahitaji 33. Kilomita 10 tu zimekula digrii 10, na hakuna shokapu ya kuzirudisha. Maliza breki kabla ya kuingia, kwa sababu ukishika ya mbele katikati ya kona shokapu zinazama na chuma kinashuka pamoja nazo. Ingia ukiwa umeshika mafuta kidogo kwa mkono uliotulia, sogeza kifua upande wa ndani, na mwambie abiria aelekee unakoelekea. Abiria anayejivuta upande wa pili kwa woga anakulazimisha kuilaza pikipiki zaidi.

Ukishafunga kila kitu, tembea kama kilomita 50, halafu kaza upya bolti za shokapu na za kibano cha juu. Na jioni ukirudi bila mzigo, rudisha ngazi ya nyuma ulipoitoa, andika namba kwa kalamu ya rangi kwenye fremu usisahau.