Mguu Uliovimba na Mimba Zinazoharibika: Huenda Ugonjwa Ni Mmoja

Makala haya ninawaandikia hasa wanawake wenzangu wa Mombasa ambao wamezunguka kwa madaktari, leo kwa mguu uliovimba, mwaka mwingine kwa mimba iliyoharibika, baadaye kwa viungo vinavyokakamaa asubuhi, wala hawajawahi kuambiwa kwamba yote hayo yanaweza kuwa na chanzo kimoja. Mimi ninaishi na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, pamoja na sindromu ya antifosfolipidi, inayofanya damu igande ovyo. Maradhi haya humjia mtu vipande vipande, na kila kipande hupelekwa kliniki yake. Kwa hiyo kila unapoketi mbele ya daktari mpya, mweleze habari zako zote, hata zile ambazo hakukuuliza.

Sindromu hii ilielezwa mwaka 1983 na daktari Graham Hughes wa London pamoja na wenzake. Kingamwili, ambazo kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi, hugeukia protini zinazoshikamana na mafuta ya utando wa seli, na damu ikaganda mahali isipotakiwa kuganda: katika mshipa wa mguu, katika mapafu, au katika ubongo, ambako humletea kiharusi hata mtu ambaye bado ni kijana. Kwa mjamzito hudhuru kondo la nyuma. Takriban theluthi moja ya wenye lupasi wana kingamwili hizi, ingawa si wote wanaopatwa na madonge ya damu, na wapo wenye sindromu hii ambao hawana lupasi kabisa. Mwenye lupasi, basi, aombe apimwe kingamwili hizi, na kijana aliyepatwa na donge la damu bila sababu ya wazi achunguzwe kama ana dalili za lupasi.

Lipo jambo ambalo halizungumzwi, nalo limewaumiza wengi kimyakimya. Wajawazito hupimwa kaswende kliniki, na baadhi ya vipimo hivyo, yaani VDRL na RPR, hutumia kadiolipini, ambayo ni mojawapo ya mafuta yanayohusika na kingamwili zetu. Kwa sababu hiyo majibu yanaweza kuonyesha kaswende kwa mwanamke asiyekuwa nayo. Mimi niliambiwa hivyo katika kliniki moja, bila maelezo yoyote, na mnajua wenyewe karatasi kama ile inavyoweza kuitikisa nyumba na kumfanya mke ashindwe kumtazama mavyaa wake usoni. Omba kipimo cha pili, kile kinachotafuta kingamwili za bakteria wenyewe wa kaswende. Hata hivyo, daktari akikushauri uanze tiba wakati unasubiri, usiikatae, kwa maana kaswende ya kweli humdhuru mtoto aliye tumboni.

Vipimo vya sindromu yenyewe ni vitatu, na kinachoonyesha kingamwili hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, kwa kuwa maambukizi ya kawaida yanaweza kuzipandisha kwa muda. Kimojawapo huvurugwa na dawa za kuzuia damu kuganda, kwa hiyo waambie daktari na watu wa maabara unachotumia, lakini usiache dawa kwa hiari yako.

Wengi wetu tuliopatwa na donge hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa miaka mingi, na kwa kawaida kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Hakuna haja ya kuusahau mchicha wa nazi wala sukuma wiki. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa duka la dawa kama peremende, maana huongeza uwezekano wa kutokwa na damu. Mitishamba nayo itajwe kwa daktari, hata kama umepewa na bibi yako. Na ukishauriwa kubadilishiwa rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ili uepuke kupima INR, uliza kwanza: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa wenye kingamwili zote tatu ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata madhara zaidi, yakiwemo ya kiharusi.

Anayetaka kuzaa amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa warfarini hudhuru kijusi. Kwa kawaida hubadilishiwa sindano za heparini na aspirini ya kiwango kidogo, na wengi hujaaliwa watoto hai. Asiyetaka kuzaa kwa sasa aepuke vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika ghafla, au mdomo ukipinda, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na kati yako na hospitali kuna kivuko cha Likoni, na ukifika useme jina la ugonjwa wako kabla ya jambo jingine lolote.