Poti 22, 25, 53: majibu kwa wasomaji

Poti ni nini hasa? Nimeitazama kompyuta pande zote, sioni tundu lenye namba 443.

Hutaliona, maana si tundu la waya. Ni namba iliyoandikwa ndani ya kila pakiti (kifurushi cha data) ya TCP au UDP, taratibu mbili za kusafirisha data mtandaoni, ili kompyuta inayoipokea ijue programu ya kuikabidhi. Anwani ya IP huufikisha mzigo nyumbani, poti humtaja mwenye mzigo. Namba zinaishia 65535. Zile za chini ya 1024 zimetengewa huduma zinazojulikana, kama 80 ya HTTP (kurasa za wavuti) na 443 ya HTTPS (kurasa hizo zikiwa zimefichwa kwa usimbaji).

Nikiihamisha SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, kutoka 22 kwenda 2222, seva yangu itakuwa salama?

Itapata utulivu, si usalama. Roboti zinazobisha hodi 22 usiku kucha zitapungua, lakini anayekulenga wewe atazijaribu poti zote na ataikuta. Nguvu zako zipeleke kwingine: ingia kwa ufunguo wa kidijitali, kisha zima kabisa kuingia kwa nywila.

Namba 22 yenyewe ina historia ninayoipenda. Mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake huko Finland, Tatu Ylönen aliandika SSH ili ishike nafasi ya Telnet (ya kuingia kompyuta ya mbali) na FTP (ya kuhamisha mafaili). FTP ilikuwa na 21, Telnet 23, na 22 ilikuwa tupu katikati. Akaiomba, akapewa. Telnet husafirisha nywila wazi, herufi kwa herufi. Ikiwa ruta au kamera yako bado inaiitikia, izime leo hii.

Programu yangu haitumi barua pepe kupitia poti 25, ingawa nywila ni sahihi.

Huenda mtoa huduma wako ameifunga. Wengi hufanya hivyo kuzuia barua taka. Poti 25 ni ya seva kuongea na seva. Mtumaji wa kawaida atumie 587 au 465.

DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, ni UDP au TCP? Fundi wetu amefungua UDP 53 pekee.

Ni zote mbili. Maswali mengi hupita UDP, lakini jibu likiwa kubwa mno seva hulikata na kulitia alama, na muulizaji hurudia swali lilelile kwa TCP. Mkiifunga TCP, majina mengi yatapatikana na machache yatagoma, na hitilafu ya aina hiyo humsumbua mtu siku nzima akilaumu waya. Mwombeni afungue TCP 53 pia.