Kupima Kazi ya Kongosho: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Maabara

Ninyi mnaoanza kazi katika maabara za hospitali zetu hapa Uganda, iwe Mulago, Mbarara au hospitali ya wilaya, hamtakawia kupokea fomu iliyoandikwa "pima kongosho" bila neno la ziada. Kabla ya kugusa sampuli, mwulizeni daktari anataka kujua nini. Amilasi, kimeng'enya cha wanga, na lipasi, kimeng'enya cha mafuta, hupanda katika damu pale kongosho inapovimba ghafla, kwa sababu seli zake zilizojeruhiwa huvujisha vimeng'enya. Vipimo hivyo havielezi kama kongosho inapeleka utumboni vimeng'enya vya kutosha kumeng'enya chakula. Mtu ambaye kongosho yake imejaa makovu baada ya miaka mingi ya kunywa waragi, ile pombe kali, anaweza kuwa na amilasi ya kawaida kabisa, huku choo chake kikiwa na mafuta tele na mwili wake ukizidi kukonda. Nimewahi kuona majibu ya aina hiyo yakichukuliwa kuwa uthibitisho kwamba kongosho ni nzima, na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila tiba ambayo ingemsaidia.

Kipimo cha moja kwa moja kipo. Mgonjwa hudungwa sikretini, homoni iliyogunduliwa na Bayliss na Starling jijini London mwaka 1902, kisha majimaji hunyonywa kwa mrija kutoka mwanzo wa utumbo mwembamba na kupimwa bikaboneti, chumvi inayopunguza asidi, ambayo kwa mtu mzima wa afya hufikia kilele cha zaidi ya milimoli 80 kwa lita. Kinachotakiwa kikiwa vimeng'enya vyenyewe, hutumika homoni nyingine, kolesistokinini. Vipimo hivi vinadai muda, mrija na wataalamu, kwa hiyo si kazi ya kila siku.

Kazi ya kila siku, pale vitendanishi vinapopatikana, ni kupima elastasi, kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho, katika kinyesi. Kimeng'enya hiki hupita utumboni bila kuharibika sana, na sampuli moja ndogo hutosha. Kiasi kinachozidi mikrogramu 200 kwa gramu ya kinyesi huhesabiwa kuwa cha kawaida, na kilicho chini ya 100 huashiria upungufu mkubwa. Kati ya hapo pana shaka, na ni afadhali kurudia kipimo kuliko kutoa hukumu. Hapa ndipo ninapowasihi muwe macho: kikitazameni kinyesi kabla ya kukipima. Kikiwa majimaji, elastasi imezimuliwa, na mgonjwa mwenye kuhara kwa sababu ya jiadia au maambukizi mengine ataonekana kana kwamba kongosho yake imekufa. Ombeni sampuli nyingine kuhara kutakapokwisha. Ikishindikana, andikeni hali ya sampuli kwenye majibu kwa maneno yanayosomeka, maana daktari hakuiona. Mgonjwa anayemeza vidonge vya vimeng'enya vya nguruwe hana haja ya kuviacha, iwapo kipimo chenu kinatambua elastasi ya binadamu pekee. Someni maelezo ya mtengenezaji mhakikishe. Kumbukeni pia kwamba kipimo hiki huwakosa wengi walio katika hatua za mwanzo za ugonjwa, kwa hiyo jibu zuri halifungi mjadala.

Pasipo elastasi, hadubini na Sudani, rangi ya maabara inayoshika mafuta, vinaweza kuonyesha matone ya mafuta katika kinyesi, ila lazima mjue mgonjwa amekula nini. Kipimo kamili cha mafuta hukusanya kinyesi cha saa 72 kwa mtu anayekula takriban gramu 100 za mafuta kila siku, na kinachotoka hakipaswi kuzidi gramu 7 kwa siku. Anayeshinda kwa matoke na maharage yaliyochemshwa hafiki karibu na kiwango hicho, hivyo choo chake kinaweza kuonekana safi hata kama lipasi haitoshi. Karanga, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, husaidia sana kufikia kiwango hicho, na binyebwa, yaani mchuzi wa karanga, unafahamika katika nyumba nyingi. Hata mafuta yakionekana, ugonjwa unaweza kuwa wa utumbo wenyewe au wa njia ya nyongo. Tena, lipasi hupungua hadi karibu asilimia 10 ya kawaida ndipo mafuta yaanze kuzidi chooni, kwa hiyo anayesubiri dalili hiyo amechelewa.

Watoto wenye utapiamlo mkali wanahitaji uangalifu wa pekee. Vimeng'enya ni protini, na mtoto mwenye kwashakoo hukosa malighafi ya kuvitengeneza, kwa hiyo elastasi yake inaweza kushuka sana bila kongosho kuwa na ugonjwa mwingine. Mara nyingi kiasi hicho hupanda tena lishe inaporejea. Majibu ya mtoto wa namna hii yasitoke maabara bila kutaja hali ya lishe yake siku sampuli ilipochukuliwa, pamoja na pendekezo la kumpima upya atakapokuwa ameongeza uzito.