Barua kwa Kulwa: akikuuliza

Mwanangu Kulwa,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Na hela ya dawa imefika Jumanne, wabeja sana. Presha inapanda na kushuka kama unavyoijua, usipoteze usingizi kwa ajili yake. Doto alinipeleka kliniki kwa pikipiki yake ingawa nilimwambia nitapanda hiace.

Ujumbe wako nimeusoma mara nne. Unasema mlimchukua Usagara kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori, mama yake akapanda nyuma pamoja nawe, na mlipofika Mkolani kijana hakuwa na mapigo tena. Uliendelea kumkandamiza kifua peke yako, mara 100 hadi 120 kwa dakika kama mlivyofundishwa, huku gari likiyumba, mpaka mlango wa hospitali. Mama yake hukumwambia neno. Sasa unaniuliza: mgonjwa akikata roho njiani, ndugu yake aambiwe palepale ndani ya ambulansi, au unyamaze mpaka daktari aseme?

Swali hilo ninalo tangu 1998, wewe na Doto mkiwa mnalala kwa bibi kwa sababu mimi nilikuwa nesi wa zamu kule Buchosa. Habari yenyewe mmeisikia nusu nusu nikimsimulia baba yenu. Leo nakuandikia yote.

Mwanamke alijifungua salama saa mbili usiku, mtoto wa kike, akalia vizuri. Kisha damu ikaanza na haikusimama. Unajua mwenyewe, damu ya uzazi inaweza kummaliza mtu ndani ya saa mbili. Nilimchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, nikamwekea mpira wa mkojo, nikasugua tumbo mpaka vidole vikafa ganzi. Siku hizi mama wa Buchosa akizidiwa watu wanapiga 115 bure, na ambulansi ikiwa mbali anatumwa dereva wa jirani aliyesajiliwa. Wakati ule tuliita gari kwa redio ya kituo, tukakaa tukisikiliza barabara. Hospitali ya kwanza tuliyofika haikuwa na damu ya kundi lake, tukaambiwa twende Bugando, hospitali ya rufaa kule Mwanza.

Mumewe alikuwa mvuvi wa dagaa. Ulikuwa usiku wa giza, mwezi haukuwepo, alikuwa ziwani walipomfuata, akaja na nguo mbichi za kazi. Nilimpa chupa ya dripu aishike juu, maana chuma cha kuning'inizia kilikuwa kimevunjika. Mimi mkono mmoja ulikuwa ndani ya mkewe na mwingine juu ya tumbo, nimeukaba mfuko wa uzazi katikati. Tulifika Busisi, kivuko kiko Kigongo, ng'ambo ya pili. Tukangoja. Yule baba hakushusha mkono wake hata mara moja.

Tulipopakiwa na kivuko kuondoka, alianza kuzungumza na mkewe. Alimwambia mtoto amechukua paji lake la uso. Alimwambia msimu huu dagaa wana bei, atamalizia bati za jikoni. Nje, taa za wavuvi zilikuwa nyingi juu ya maji, ukidhani kuna mji pale. Katikati ya ghuba, damu ikaacha kuja yenyewe, nami sikuwa nimefanya lolote jipya. Nikamtazama macho. Nikatafuta mshipa shingoni, nikatafuta tena upande wa pili.

Yule baba akaniuliza, "Sista, amelala?"

Nikamjibu, "Amelala."

Basi akapunguza sauti asimwamshe. Akavua koti lake akamfunika miguu. Kutoka Kigongo mpaka Bugando alinong'ona, njia nzima, na mkono wa dripu juu.

Kulwa, nimewahudumia wengi waliokufa na wengi waliopona, na wengi majina yao yamenitoka. Koti lile halijanitoka.

Nina utetezi wangu, nao si wa uongo. Nesi hatangazi kifo, anayethibitisha ni daktari, na mimi kazi yangu ilikuwa kuendelea. Nilishawahi kuona mapigo yakipotea yakarudi. Tena tulikuwa juu ya maji, kivuko hakina ukuta, na mtu mwenye habari kama ile hujui miguu yake itampeleka wapi. Nakumbushia pia yule kijana aliyetufia njiani miaka mingi baadaye, tukiwa na baba yake mzazi garini. Baba huyo nilimwambia palepale, kwa upole, nikidhani nimejifunza. Alifungua mlango wa nyuma gari likiwa kwenye mwendo, akaruka. Dereva alifunga breki, tukarudi kumwokota amevunjika mkono. Ndiyo maana nawaambia kila siku: ndugu naye ni mgonjwa, ni mgonjwa wa pili, mnapanda gari na wagonjwa wawili na mmoja wao hana machela.

Kwa hiyo utadhani nasema nyamaza. Nami nikifika hapo namkumbuka shangazi yenu. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 alikaa siku tatu bila kuambiwa chochote cha kweli kuhusu mumewe, kila aliyejua akimwambia subiri. Mpaka leo anasema msiba wenyewe aliuweza, ila zile siku tatu hakuziweza. Na sisi wenyewe tunajua desturi yetu. Baba yenu alipofariki nilipigiwa simu nikaambiwa, "Mama Kulwa, mzee amezidiwa, njoo." Nilipanda gari pale stendi ya Sengerema nikijua kabisa maana ya neno lile, na bado nililishikilia njia nzima. Lilinisaidia. Silikatai. Lakini waliniambia amezidiwa, hawakuniambia anakunywa uji.

Baba yenu alikuwa akinitetea. Alisema, "Ulimpa yule bwana saa moja zaidi ya kuwa na mke." Nilipenda kusikia hivyo, hasa usiku. Kukipambazuka nilikuwa naona kwamba saa ile sikumpa mimi, aliitoa yeye mfukoni mwake, na hakujua anachonunua. Labda angetaka kusali. Labda angetaka kulia akiwa amemshika mkono badala ya kushika chupa. Sijui, na ndilo linaloniuma, kwamba nilichagua kwa niaba yake.

Mtoto yule alipona. Baba yake alimleta kliniki mwenyewe kila mwezi, chanjo zote akamaliza, jambo ambalo wanaume wengi wa kule wakati ule hawakulifanya. Mara ya kwanza alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Sista, usiku ule ulisema amelala." Nikasema, "Ndiyo." Hakuongeza kitu. Baada ya hapo kadi ya mtoto alikuwa anampa nesi mwenzangu, hata kama foleni yangu ilikuwa tupu.

Naona umeniuliza kama umwambie, na mimi nimekujibu habari ya akikuuliza. Ndivyo lilivyo kwangu, sina jinsi ya kuligeuza. Kama mama yule hakukuuliza, nawe ulikuwa na mikono juu ya kifua cha mwanawe, sioni kosa lako, na usikubali mtu yeyote wa zamu akuonyeshe kosa. Lakini hukuniandikia kama aliuliza. Nimetafuta sentensi hiyo katika ujumbe wako sikuiona.

Ungependa nikuandikie neno moja, sema au nyamaza. Nililiandika jana usiku, asubuhi nikalifuta, kwa sababu sikuwa ndani ya gari lenu na sikuuona uso wa mama yule. Ninaloweza kukupa ni maneno ambayo siku hizi nayajua na usiku ule sikuyajua: "Hali yake ni mbaya sana, mapigo siyapati, naendelea kumsaidia, mshike mguu." Si uongo, na mikono yako haisimami. Ndugu ni mgonjwa wa pili, Kulwa, naye anastahili kushikwa na ukweli kidogo kidogo kama anavyopewa maji mtu aliyekaukiwa. Lakini hata hapo sijui kama baba yule angeyapokea vizuri. Nayasema tu kila nikivuka.

Maana sasa tunavuka kwa daraja, dakika chache tu. Lilipofunguliwa Juni 2025 Doto alinipeleka kuliona, nikamwomba apunguze mwendo katikati. Aliniuliza kuna nini, nikasema upepo.

Doto anasema msiba wa yule kijana uko Buhongwa na matanga bado. Nimeshaweka kando unga na kanga. Jumapili nitavuka asubuhi, kama hutakuwa zamu tuonane pale stendi ya Nyegezi, twende wote kumpa mama yake pole. Kama atakuuliza mwanawe alikata roho wapi, nitakuwa nimekaa karibu nawe. Nijibu kabla ya Ijumaa.

Mama yako