Nyumba ya babu igeuzwe makumbusho?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ukoo wetu hapa Marangu una nyumba ya msonge aliyoiacha babu, na shangazi yetu bado anaishi humo. Vijana wanataka ahamishiwe nyumba ya bati ili ya zamani iwe makumbusho ya watalii; wazee wanakataa. Nimesikia kwamba huko Estonia kuna kijiji kidogo, Koguva, kilichohifadhiwa vizuri. Wao walifanyaje?
Msomaji, Marangu, Moshi.

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Koguva kiko katika kisiwa cha Muhu, magharibi mwa Estonia, na naomba uwaambie vijana wako kwamba wenyeji hawakuhamishwa wote ili kijiji kihifadhiwe. Baadhi ya nyumba ni za Makumbusho ya Muhu, ikiwemo ile alimozaliwa mwandishi Juhan Smuul mwaka 1922, lakini nyingine zina wenyewe, nao huishi humo. Mapaa ni ya matete, na nyua zimezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, ambazo sasa zimeota kuvumwani, ule ukoga wa kijani. Kuta hizo hazikujengwa kwa ajili ya urembo: udongo wa kisiwa ni haba na una mawe mengi, hivyo mkulima alilazimika kuyaokota kwanza ndipo alime, kisha akayapanga mpakani, kama sisi tunavyopanda isale.

Kinachonigusa zaidi ni kumbukumbu zao. Mwaka 1532 Wolter von Plettenberg, mkuu wa shirika la wapiganaji wa Kijerumani lililotawala eneo hilo, alimpa mkulima wa Koguva aliyeitwa Hansken hati ya uhuru, ilhali wakulima wengi walizidi kufungwa katika utumwa wa mashamba ya mabwana, ambao katika eneo hilo haukufutwa hadi mwaka 1819. Jina la mkulima huyo linatajwa hadi leo.

Kwa hiyo wazee wana haki: shangazi asihamishwe. Isitoshe, paa la nyasi lisilopata moshi wa jiko huoza upesi. Wageni wapokelewe uani kwa ridhaa yake, na kiingilio kitumike kuezeka upya. Lakini kabla ya kumkaribisha mgeni yeyote, kaeni na wazee mwandike ni nani waliochimba mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita kihambani kwenu, katika shamba la ukoo, na zamu za maji ziligawanywaje. Daftari hilo libaki kwa shangazi, na nakala yake ipelekwe ofisi ya kijiji.