Kupunguza kodi ya ofisi: hesabu viti kwanza

Umeuliza idara ya serikali yenye watumishi 80 kwenye ghorofa mbili za kupanga ipunguzeje kodi bila kubana watu. Anza na viti. Kwa wiki nne, mtu apite saa nne asubuhi na saa nane mchana, aandike meza zenye watu. Meza yenye koti tu kitini, bila mtu, iandikwe kwenye safu yake ya pekee. Tumia siku iliyojaa kuliko zote. Ukitumia wastani, siku ya vikao watu watakosa pa kukaa na mpango mzima utakataliwa, kwa haki kabisa. Kilele kikiwa meza 52, bakiza 58 hivi.

Kisha pima mita za mraba zinazokaliwa na makabati. Majalada yaliyofungwa yahamie hifadhi ya nyaraka. Mara nyingi chumba kizima hupatikana hapo.

Mkataba usomwe mapema: muda wa notisi, na kifungu cha kurudisha jengo lilivyokuwa, kwani kubomoa vizuizi vya vyumba kunaweza kumeza akiba ya miezi kadhaa. Lenga kurudisha ghorofa nzima. Nusu ghorofa haipangishiki kirahisi, hivyo mwenye jengo huenda akaikataa.