Gari likizama kwenye barafu ya ziwa, usikimbilie kulivuta

Kila msimu wa baridi lazima mtu apige simu anahema, gari liko chini ya ziwa, na swali lake la kwanza ni lile lile: mnaweza kuja kulitoa leo? Mara nyingi jibu ni hapana na watu wanakasirika kweli kweli, kwahiyo acha nieleze kwa nafasi. Mi nimefanya hii kazi ya kuopoa magari kwenye maziwa yaliyoganda kwa misimu mingi, zaidi upande wa winchi, ile mashine ya kuvuta kwa waya, kuliko upande wa kupiga mbizi, na kama utatoka hapa na kitu kimoja basi kiwe hiki: gari likishalowa limeshalowa, kukaa siku kadhaa zaidi kule chini hakubadilishi kitu kikubwa, ila watu wanaokimbilia kulivuta wanaweza kufa leo hii hii.

Tuanze na watu manake gari ni bati. Gari likivunja barafu halizami palepale, linaelea kidogo, nusu dakika mpaka dakika moja au mbili hivi, na pua inatangulia chini kwasababu injini iko mbele. Huo ndo muda wako wote. Fungua mkanda, shusha kioo, toa watoto, toka. Usihangaike na mlango maji yanausukuma huwezi kuufungua, na usipige simu kwanza, simu utapiga ukiwa nje. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba kule Kanada, ambaye amejiingiza mwenyewe kwenye maji ya barafu kwa ajili ya utafiti, anafundisha namba tatu rahisi: dakika 1 ya kutuliza pumzi maana maji baridi yanakufanya uheme kama umekabwa, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza, na kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Watu wengi wanadhani baridi inaua palepale, wanakata tamaa mapema, wakati bado walikuwa na nafasi. Ukishapanda juu ya barafu usisimame, lala ujiviringishe kurudi kule ulikotokea, kule barafu ilishakubeba ukiwa na gari zima.

Mkishakuwa salama wote, piga simu polisi siku hiyo hiyo. Hata kama unaona aibu, hata kama ulikuwa peke yako. Akipita mtu akaona shimo na alama za matairi zinaingia ndani hazitoki, ataita zimamoto, na wazamiaji wa uokoaji wataingia kwenye maji yale wakidhani kuna mtu mle, yaani unahatarisha maisha ya watu kwa kukaa kimya tu. Pia kuna sheria. Minnesota kule Marekani kwa mfano mwenye gari anapewa siku 30 kulitoa ziwani, sehemu nyingine ni tofauti, uliza za kwenu. Angalia hapo lakini, siku 30, hawakusema masaa 30.

Sasa kwanini nasema usikimbilie. Barafu ileile iliyoshindwa kubeba gari lako ndo hiyo hiyo unataka kusimamisha gari la rafiki yako, winchi, na watu sita wanaopiga kelele. Kuna hesabu ya zamani inayotumiwa na watu wa barabara za barafu, zile zinazopita juu ya maji yaliyoganda, inatokana na kazi ya mtafiti Lorne Gold wa Kanada: chukua unene wa barafu kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, alafu zidisha kwa 3.5, unapata kilo ambazo barafu safi ya ziwa inaweza kubeba bila hatari kubwa. Sentimita 10 inakupa kilo 350, sentimita 20 inakupa 1,400, sentimita 30 inakupa 3,150. Unaona inavyopanda, ukiongeza unene mara mbili nguvu inaongezeka mara nne, na ndio maana kusubiri wiki moja ya baridi kali kunaweza kubadilisha kazi nzima. Lakini hesabu hiyo ni ya barafu ngumu inayoonyesha weusi wa maji chini, ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ihesabu nusu ya nguvu. Na ni ya barafu nzima isiyo na nyufa! Ukingoni mwa shimo barafu haina upande wa pili wa kuisaidia, inabeba kidogo sana kuliko pale ilipo nzima, na shimo ndo mahali ambapo kila mtu anataka kwenda kuchungulia.

Kwahiyo kabla ya kitu chochote tunapita na keekee ya barafu, tunatoboa tundu, tunapima, hatua kadhaa, tunatoboa tena, tunaandika. Sio mara moja pale shimoni, ni njia nzima kutoka nchi kavu. Nimeshaona barafu nene ya kutosha lori halafu mita chache mbele chini ya theluji nene ikawa nyembamba kabisa, kwasababu theluji ni blanketi, inazuia baridi isishuke. Na midomo ya mito, chini ya madaraja, penye chemchemi, hapo usiamini namba uliyopata jirani.

Kitu kingine ambacho watu hawakielewi ni gari kusimama. Gari likikaa sehemu moja masaa barafu inabonyea polepole bila sauti. Februari 2016 kwenye tamasha la majira ya baridi la mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin kule Marekani, magari kama 15 yaliyopaki karibu karibu juu ya ziwa yalizama au kuning'inia kwenye barafu, watu wanarudi wanakuta matairi hayaonekani. Hakuna aliyekuwa anaendesha kasi, walipaki tu. Somo hilo mi nalitumia kila siku kazini: vifaa vyetu havikai sehemu moja tukiwa tunakunywa chai, na tunatoboa tundu dogo pembeni ya kila kitu kizito, maji yakianza kupanda na kumwagika juu ya barafu maana yake barafu imeshabonyea, ondoa mzigo hapo hapo. Kwenye mwendo nako kuna mambo yake, gari likitembea linasukuma wimbi la maji chini ya barafu na ukifika mwendo fulani wimbi na gari vinakwenda sambamba, barafu inapasuka. Estonia kwenye barabara zao rasmi za barafu baharini wanakataza kwenda kati ya kilomita 25 na 40 kwa saa, na mikanda hairuhusiwi kufungwa, na magari yanaachiana mita 250. Sisi ziwani tunaenda taratibu kabisa, vioo chini, mikanda wazi.

Haya tuje kwenye kulitoa lenyewe.

Kwanza gari haliko chini ya shimo. Lilivyozama pua mbele liliteleza, unaweza kulikuta mita kadhaa pembeni, na kwenye maji marefu mara nyingi limelala kichwa chini matairi juu. Tunashusha kamera kwenye matundu madogo mpaka tulione, ndipo wazamiaji wanaingia. Wazamiaji wa chini ya barafu sio watu wa kuokota, kupiga mbizi likizoni na hii ni vitu viwili tofauti, usimchukue binamu yako mwenye cheti cha kuogelea na samaki. Anayeingia anafungwa kamba, juu yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo kamba tu hazungumzi na mtu, na kuna mzamiaji wa pili amevaa kila kitu amekaa tayari. Kifaa cha kupumulia kinaweza kuganda na kuanza kumwaga hewa mfululizo, kwahiyo wanakwepa kuvutia pumzi kwenye baridi ya juu kabla hawajazama. Shimo lao linakatwa pembetatu, pembe zinasaidia mtu kujiegemeza akitoka.

Kazi yao kule chini ni kuligeuza gari likae kwa matairi, kufunga mikanda ya kunyanyulia kwenye ekseli au chesesi (bampa usiiguse, inang'oka yenyewe inabaki mkononi), na kufungua milango na vioo vyote. Watu wanashangaa kwanini tunasisitiza milango. Gari ndani ya maji lina uzito pungufu kuliko nchi kavu, maji yanalibeba kidogo, linapanda vizuri tu, kila mtu anashangilia, alafu paa linatokeza na hapo ndo hatari ilipo. Kila mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, na kabini ya gari inaweza kubeba mbili au tatu. Yaani gari la tani moja na nusu likitoka na maji yake ndani unavuta zaidi ya tani tatu, na uzito wote unashukia kwenye ukingo wa barafu na miguu ya fremu ya kunyanyulia kwa wakati mmoja.

Hapo tunasimama. Namkumbuka kijana mmoja mwenye pikapu, paa limeshaonekana, vioo vinateremsha maji kama bomba, akaniambia kaka mbona mmeacha, si mvute tu limeshatoka? Nikamwambia subiri ndugu yangu linatema maji. Tulivuta kidogo, tukasubiri, tukavuta tena kidogo, na kila tukisubiri unaona kabisa waya wa winchi unalegea na zile mbao chini ya miguu ya fremu zinaacha kulia. Nyuma ya siti yalikuwa yanatoka maji ya kahawia, mara glovu, mara ndoo ya samaki. Alikuwa anatetemeka na mi nilijua sio baridi tu, lile gari ndilo alilokuwa anafanyia kazi. Lakini mtu akiharakisha pale anavunja ukingo, gari linarudi chini na winchi inalifuata.

Fremu yetu ni nguzo mbili zimeungana juu kama herufi A, miguu yake imesimama juu ya mbao ndefu na pana ili uzito usambae, kapi linaning'inia katikati ya shimo, na winchi yenyewe iko mbali huko nyuma. Shimo tunalipanua kwa msumeno, tunakata mfereji wenye upana wa gari, na upande ule gari litakapotokea tunalaza magogo liegemee juu yake na sio kwenye barafu tupu. Kama barafu haitoshi kabisa, tunatumia maputo ya kunyanyulia, yanafungwa kwenye gari kule chini yanajazwa hewa, lita 500 za hewa zinanyanyua karibu kilo 500, gari linaelea chini ya barafu na kuvutwa mpaka karibu na nchi kavu. Ila hewa inatanuka jinsi inavyopanda, kutoka mita 10 mpaka juu inakuwa mara mbili, kwahiyo puto bila valvu ya kupunguza linafyatuka na kugonga barafu kwa chini watu wakiwa juu yake. Hiyo waachie wenye uzoefu.

Wakati wote huo kwenye shimo tunazungusha vile vitambaa virefu vya kunyonya mafuta, petroli na oili zinapanda juu, zinakaa palepale ni rahisi kuzikusanya, na ile theluji iliyochafuka tunaichota kwenye mapipa. Hayo maji kuna watu wanakunywa.

Likishatoka tu usiwashe! Kuna maji kwenye silinda na maji hayabanwi, ukipiga stata unapinda vyuma vya ndani. Chomoa betri. Na kumbuka kule chini maji yalikuwa karibu nyuzi 4 au pungufu kidogo lakini hayajaganda, hapa juu ni hasi ishirini, ndani ya muda mfupi breki zimeshikana, milango imeganda, matairi hayazunguki, kwahiyo gari la kubebea liwe limeshafika nchi kavu na gereji yenye joto inajua unakuja, kama hawako tayari bora gari libaki chini siku moja zaidi. La umeme liegeshwe nje mbali na majengo, betri iliyoingia maji inaweza kushika moto hata siku nyingi baadaye.

Bima, kama una ile kubwa mara nyingi inagusa gari lenyewe, ila gharama ya kuliopoa soma mkataba au wapigie uliza kabla hujaita timu yoyote, na waandikie, sio simu tu. Nikuambie ukweli, magari ya siku hizi yamejaa vifaa vya umeme na mengi hayarudi barabarani, unalitoa kwa ajili ya ziwa na kwa ajili ya sheria. Kama gari si lako, mwambie mwenye gari mapema, usimpe matumaini ya uongo.

Mwisho ni shimo. Tukishaondoka usiku huohuo linajifunika barafu nyembamba, ikianguka theluji halionekani kabisa, na kesho mtoto anapita na sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji. Zungushia matawi ya miti au nguzo zenye rangi kali, weka na kitu kinachong'aa kwa taa, toa taarifa kwa polisi na wavuvi wa pale, na rudi kuangalia maana upepo unaangusha. Alama zibaki mpaka mtu apime kwa keekee akute unene umelingana na wa pembeni.